Sarafu ya Telegram: tiketi ya kivuko si umiliki wa kivuko

(Mazungumzo ya redio ya juma lililopita, kama yalivyosomwa hewani)



Juma hili nimepokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa Temeke, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jina lake nalihifadhi, maana mambo ya mfuko wa mtu ni siri yake. Mzee huyu anasema amelipwa kiinua mgongo, ametengeneza paa la nyumba, amelipa madeni mawili matatu, na mkononi zimebaki shilingi milioni 12. Kijana wake, fundi wa simu pale Kariakoo, amemwambia hivi: "Baba, fedha hizi zisikae benki zikilala usingizi. Tununue Toncoin, sarafu ya Telegram. Watu zaidi ya bilioni moja wanatumia Telegram. Haiwezi kuanguka." Mzee anamaliza barua yake kwa swali fupi: "Ndugu mtangazaji, nimsikilize mwanangu au nimkatalie?"

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Ukipanda daladala, ukikaa kwenye kahawa, ukisubiri zamu yako kwa kinyozi, utasikia vijana wakitaja sarafu za mtandao kama wazee wao walivyokuwa wakitaja bei ya korosho. Kwa hiyo leo naomba tulizungumze jambo hili taratibu, bila kubeza na bila kushabikia. Kijana si mjinga, na mzee si mshamba. Kila mmoja ameshika upande wake wa kweli.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Telegram ni programu ya simu ya kupelekeana ujumbe, picha na sauti. Ilianzishwa mwaka 2013 na Pavel Durov, mzaliwa wa Urusi, pamoja na kaka yake Nikolai. Makao yake yako Dubai. Machi 2025 Durov alitangaza kwamba watumiaji wake kwa mwezi wamepita bilioni moja. Hapo kijana wa Kariakoo amesema kweli tupu.

Toncoin nayo ni sarafu isiyoshikika mkononi. Imeandikwa katika daftari kubwa la mahesabu liitwalo TON, ambalo linatunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, bila benki yoyote kulimiliki. Ukinunua Toncoin kumi, maana yake ni kwamba ndani ya daftari hilo pameandikwa kuwa mwenye ufunguo fulani ana kumi. Hakuna zaidi ya hapo. Thamani yake ni ile ambayo mtu mwingine yuko tayari kukulipa siku utakayotaka kuiuza.

Sarafu hii ina kisa chake, na ni vizuri mwenye kutaka kuinunua akakijua. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Telegram iliwaendea matajiri na makampuni ya uwekezaji, ikawaambia kwamba inatengeneza sarafu itakayoitwa Gram. Sarafu yenyewe haikuwapo bado; kilichouzwa ni ahadi. Hata hivyo wanunuzi 171 kutoka pande mbalimbali za dunia walitoa dola za Marekani bilioni 1.7. Wanunuzi hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa na wanasheria na wahasibu wao.

Oktoba 2019, siku chache kabla sarafu haijatolewa, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilikwenda mahakamani huko New York. Hoja yake ilikuwa kwamba wanunuzi wale hawakununua sarafu ili waitumie, bali wainunue leo na kuwauzia wengine kesho kwa faida. Kwa hiyo, ilidai tume, hii ni biashara ya dhamana kama hisa, na haikuandikishwa kama sheria inavyotaka. Machi 2020 Jaji Kevin Castel aliikubali hoja hiyo, akazuia sarafu isitolewe. Mei 2020 Durov akatangaza kwamba Telegram imeachana na mpango huo.

Fedha za watu zikaenda wapi? Wawekezaji waliambiwa wanaweza kuchukua asilimia 72 ya fedha zao mara moja. Wale wasio Wamarekani walipewa pia njia ya pili, ya kuikopesha Telegram kwa mwaka mmoja na kulipwa asilimia 110. Juni 2020 Telegram ilikubali kurudisha zaidi ya dola bilioni 1.2 na kulipa faini ya dola milioni 18.5. Tulete hesabu hiyo nyumbani: aliyetoa shilingi 100,000 na kuchukua njia ya kwanza, baada ya miaka miwili ya kusubiri alirudishiwa 72,000. Na huyu ni tajiri mwenye wanasheria. Sisi wenye madaftari ya duka la rejareja tungepata nini?

Hata hivyo sarafu haikufa. Programu yake ilikuwa wazi kwa kila fundi kuitazama, na mafundi wengine nje ya Telegram wakaiendeleza, wakaiita Toncoin. Telegram nayo ikarudi taratibu. Septemba 2023 ilitangaza hadharani kwamba inaiunga mkono TON. Machi 2024 ilianza kuwagawia wenye chaneli nusu ya mapato ya matangazo, na malipo hayo yakawa kwa Toncoin. Januari 2025 ikasema kwamba zile programu ndogo ndogo zinazofanya kazi ndani ya Telegram, zikitaka kutumia daftari la namna hii, zitumie la TON tu.

Sasa tumefika penye kiini cha jambo. Kijana anasema: Telegram inakua, kwa hiyo sarafu yake itapanda. Je, hilo lazima lifuatane na hili?

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwaka 1998, wengi wetu tulijifunza hisa ni nini. Ukinunua hisa za kiwanda cha bia, wewe ni mwenye kiwanda kwa kiasi cha hisa zako. Kiwanda kikipata faida unapewa gawio. Kuna mkutano wa mwaka. Unaweza kwenda, ukanyoosha mkono, ukauliza kwa nini mkurugenzi amenunua magari mapya. Mahesabu yanakaguliwa na kuchapishwa. Kiwanda kikifilisika na mali ikauzwa, nawe una foleni yako, japo ni ya mwisho.

Toncoin haina hata moja kati ya hayo. Mwenye Telegram ni Durov. Telegram ikipata faida, mwenye Toncoin hapati gawio. Telegram ikiuzwa kesho kwa mabilioni ya dola, mwenye Toncoin hapati senti. Mwezi Desemba 2024 Durov alitangaza kwamba kampuni imeanza kupata faida na mapato yake ya mwaka huo yamepita dola bilioni moja. Ni habari njema kwake na kwa waliomkopesha. Kwa mwenye sarafu, ni habari ya jirani aliyevuna vizuri.

Mfano wa karibu ni kivuko chetu cha Magogoni na Kigamboni. Tuseme tiketi za kivuko hazina mwisho wa kutumika, na mtu mmoja akanunua tiketi 5,000 akaziweka sandukuni. Anasema: Kigamboni inajengwa, watu wanaongezeka, kila mmoja atahitaji tiketi, nitaziuza kwa bei ya juu. Hoja yake ina akili. Tiketi ina kazi ya kweli. Bila tiketi huvuki. Lakini mtu huyu si mwenye kivuko. Na kuna mambo matatu yanayoweza kumharibia hesabu yake: tiketi kuwa nyingi kuliko abiria, tiketi moja kutosha safari nyingi, na daraja kujengwa pembeni. Sote tunakumbuka kwamba Aprili 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa pale Kurasini, na magari yakapata njia nyingine.

Tuipime Toncoin kwa mambo hayo matatu.

La kwanza, wingi. Sarafu hizi tangu mwanzo zilikuwa kama bilioni 5, na nyingine huongezeka kidogo kila mwaka. Kati ya mwaka 2020 na 2022 ziligawanywa kwa njia ya kompyuta kushindana kutegua mafumbo ya hesabu. Wachache waliokuwapo mapema wakazoa fungu kubwa sana. Jambo hili lilizua manung'uniko hata miongoni mwa wapenzi wa TON wenyewe, kiasi kwamba Februari 2023 walipiga kura ya kuzifunga akaunti 171 zilizokuwa zimelala, zenye Toncoin zaidi ya bilioni 1.08, zisiguswe kwa miezi 48. Msikilizaji, piga hesabu miezi hiyo inaishia lini. Inaishia mwaka 2027. Sarafu bilioni moja ni moja ya tano ya zote. Telegram yenyewe nayo ina akiba kubwa ya Toncoin, na mapema mwaka 2024 Durov alieleza mpango wa kuuza sehemu ya akiba hiyo kwa wawekezaji wa muda mrefu. Kwa hiyo siku mzee wetu wa Temeke anapokuwa mnunuzi, ni vizuri ajue kwamba wakubwa wa sarafu hiyo wana sababu zao za kuwa wauzaji.

La pili, tiketi moja kutosha safari nyingi. Wahandisi wa TON wanajisifu, na ni haki yao, kwamba kuhamisha fedha kupitia daftari lao ni rahisi mno. Ada yake ni sehemu ndogo tu ya dola. Kwa mtumiaji hiyo ni neema. Kwa mwenye kuhodhi sarafu ni shubiri, maana watu milioni wanaweza kufanya shughuli zao kwa Toncoin chache sana.

La tatu, daraja. Aprili 2024 dola za mtandao ziitwazo USDT ziliingizwa katika daftari la TON. Anayemtumia ndugu yake fedha hana haja ya kubeba sarafu inayopanda na kushuka. Anatuma dola, na Toncoin inatumika kwa ada ndogo tu. Juni mwaka huohuo Telegram ikaleta "nyota", ambazo mtu hununua kwa fedha za kawaida kupitia simu yake, akalipia michezo na huduma nyingine. Kivuko kinaweza kujaa abiria, na tiketi za sandukuni zikabaki sandukuni.

Sasa tutazame bei, maana ndiyo iliyomtia kijana joto. Septemba 2021 Toncoin moja ilikuwa kama nusu dola. Juni 2024 ikafika kileleni, dola 8 na senti kadhaa. Aliyetoa dola 1,000 mwaka 2021 alipata sarafu kama 2,000, na pale kileleni alikuwa na zaidi ya dola 16,000. Hii si hadithi ya kutunga, wapo waliozipata. Huo ndio wimbo anaousikia kijana wa Kariakoo.

Lakini wimbo una beti zaidi ya moja. Aliyetoa dola 1,000 Juni 2024, wakati magazeti na simu zote zinaimba Toncoin, alipata sarafu kama 121. Kufikia mwisho wa mwaka 2025 sarafu moja ilikuwa chini ya dola 2. Fedha zake zote hazikufika 250. Robo tatu na zaidi imeyeyuka katika mwaka mmoja na nusu. Na hapa kuna hesabu ambayo wengi huikosea. Kitu kikishuka kwa robo tatu, hakirudi pale kilipokuwa kwa kupanda robo tatu. Kutoka dola 2 kurudi 8, ni lazima kipande mara nne. Mwalimu wetu mstaafu amefundisha hesabu hizi darasa la saba. Anaweza kuzihakiki mwenyewe.

Tena angalieni kitu kimoja. Katika miezi ileile sarafu ilipokuwa ikiporomoka, Telegram ilikuwa ikinawiri. Watumiaji walipita bilioni, kampuni ikapata faida. Kivuko kilijaa, na bei ya tiketi ikashuka. Kwa hoja ya kijana jambo hilo lisingewezekana, na limetokea mbele ya macho yetu.

Kuna hatari nyingine, ya mambo yote kumtegemea mtu mmoja. Tarehe 24 Agosti 2024 Durov alishuka kwenye ndege katika uwanja wa Le Bourget karibu na Paris, akakamatwa na polisi wa Ufaransa. Walikuwa wanachunguza uhalifu unaofanywa na watu kupitia Telegram. Siku chache baadaye alifunguliwa mashtaka, akaachiwa kwa dhamana ya euro milioni 5, na Machi 2025 akaruhusiwa kurudi Dubai. Katika saa chache tu baada ya habari za kukamatwa, bei ya Toncoin ilianguka kwa kishindo. Mtu amekamatwa Paris, na anayepoteza ni fundi simu aliyelala Mbagala, ambaye hata hakujua kuwa ndege imetua.

Na kuna hatari ya maneno. Julai 2025 wahusika wa TON walitangaza kwamba mtu akifunga Toncoin za dola 100,000 kwa miaka mitatu, na kulipa ada ya dola 35,000, ataweza kupata kibali cha kuishi miaka kumi katika Falme za Kiarabu. Wapo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Dubai na Abu Dhabi, nasi tunajua kibali kile kina thamani gani. Bei ikapanda. Muda si muda mamlaka za Falme za Kiarabu zikatoa taarifa ya pamoja kukanusha. Hakuna kibali kinachotolewa kwa kuwa na sarafu za mtandao. Bei ikashuka. Aliyenunua asubuhi kwa tangazo aliuza jioni kwa hasara. Wahenga walikwisha sema, usinunue mbuzi kwenye gunia.

Pengine mtu atasema: hayo ni ya Telegram tu. Hapana. Mtandao wa kijamii wa Kik, wa Kanada, uliuza sarafu yake iitwayo Kin mwaka 2017 na kukusanya karibu dola milioni 100. Marekani iliushitaki, mahakama ikaamua dhidi yake mwaka 2020, ukalipa faini ya dola milioni 5. Steemit, mtandao uliolipa watu kwa makala wanazoandika, ulikuwa na sarafu iliyopita dola 8 Januari 2018; kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa chini ya dola moja, na kampuni ikapunguza wafanyakazi wake kwa asilimia 70. Hata Facebook, yenye fedha za kutosha kununua nchi, ilitangaza sarafu ya Libra Juni 2019. Washirika wakubwa kama Visa, Mastercard na PayPal wakajitoa mwaka huohuo, jina likabadilishwa likawa Diem, na mwanzoni mwa 2022 mali za mradi zikauzwa. Haikupata kutumiwa na mtu hata mmoja sokoni.

Ndugu wasikilizaji, sitaki mseme nimeegemea upande mmoja. Yako mambo yanayoweza kuipandisha Toncoin. Ikiwa wafanyabiashara wengi wataanza kununua matangazo kwa sarafu hiyo, ikiwa wenye chaneli watalipwa na kuamua kuzitunza badala ya kuziuza, ikiwa programu nyingi zitajengwa juu ya daftari lile, mahitaji yataongezeka. Soko la sarafu hizi lina misimu yake ya wazimu, na wakati wa wazimu kila kitu hupanda, kizuri na kibaya. Mwenye kuzifunga sarafu zake kusaidia kulilinda daftari hupata nyongeza ya asilimia chache kwa mwaka. Lakini nyongeza hiyo hulipwa kwa Toncoin hiyohiyo. Kuongezewa asilimia nne ya kitu kilichoshuka asilimia sabini ni kama kuongezewa chumvi kwenye chungu kilichokwisha pasuka.

Tunakumbuka mwaka 2009, DECI walivyowafanya watu "wapande mbegu". Sisemi Toncoin ni upatu. Upatu unaahidi faida ambayo haipo. Toncoin haikuahidi mtu chochote, na teknolojia yake ni ya kweli. Lakini kuna sehemu inafanana. Pasipo gawio, faida ya aliyetangulia hutoka katika mfuko wa anayekuja nyuma. Swali la kujiuliza ni je, wewe ni wa ngapi kwenye foleni?

Vijana wetu wengi mwaka 2024 walionja jambo hili bila kutoa shilingi. Mtakumbuka mchezo wa panya yule, Hamster Kombat, ndani ya Telegram. Nimeona kwa macho yangu kondakta anagonga kioo cha simu kwa kidole mpaka anasahau kudai nauli. Miezi wakigonga. Sarafu ilipotolewa Septemba 26, 2024, mamilioni ya watu duniani waligawana, na wengi waliambulia dola chache, wengine hata hizo hawakuzifikisha. Bando walilolitumia pengine lilikuwa na bei zaidi. Ni kweli kwamba mchezo mwingine uliotangulia, Notcoin, uliwapa wengine fedha za maana Mei mwaka huohuo. Waliofaidi ni waliocheza kabla dunia haijajua.

Na sheria inasemaje? Hapa Tanzania, Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kuwatahadharisha wananchi kwamba sarafu za mtandao hazitambuliwi kisheria kuwa fedha, na kwamba fedha halali ni shilingi. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya kuhamisha mali za kidijiti. Wapo wanaosema: kama serikali inatoza kodi, basi imeruhusu. Kodi si kinga, ndugu zangu. Mtoza ushuru wa soko hahakikishi kwamba nyanya ni nzuri. Jirani zetu wa Kenya walipitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizi Oktoba 2025. Usimamizi ukiwapo, unamsaidia mtu anayeibiwa na dalali. Haumsaidii anayenunua kwa dola 8 na kuuza kwa 2.

Tena kuna wezi wa kawaida. Ufunguo wa sarafu zako ni maneno 24 unayopewa siku ya kwanza. Atakayeyajua ndiye mwenye mali. Ukiyasahau, hakuna meneja wa tawi wa kumwendea. Ukiyaandika kwenye karatasi na mtoto akaiwashia jiko, habari imekwisha. Na Telegram yenyewe imejaa watu wanaojifanya mawakala, wenye picha za magari na majina ya Kizungu, wakiahidi kuzidisha sarafu zako mara mbili kwa siku saba. Hao ni wezi tu, hakuna jina jingine.

Sasa nimjibu mwalimu wangu wa Temeke.

Mzee wangu, shikamoo. Kwanza usimkatalie kijana kwa ukali, maana amekufikiria. Wengine huchukua fedha za wazee wao bila kuuliza. Mkae kibarazani jioni, umwulize maswali matatu. La kwanza: nikinunua Toncoin, ni nani atakayenilipa faida, na atazitoa wapi? La pili: kwa nini bei ilishuka wakati Telegram inakua? La tatu: tukipoteza robo tatu ya milioni 12, zitabaki milioni 3, miezi hiyo mama yako tutamtibu kwa fedha gani? Kama ana majibu ya kueleweka, msikilize. Kama jibu ni "Baba, wewe hujui mambo ya kisasa," basi hilo si jibu.

Fedha yako, mzee, ni ya namna ya pekee. Kijana wa miaka 25 akipoteza, ana miaka 35 ya kutafuta nyingine. Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Fedha kama hiyo kazi yake ya kwanza ni kuwapo kesho. Ziko hati fungani za serikali, iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayosimamiwa kisheria, ziko hisa zenye gawio. Faida zake hazimfanyi mtu aote ndoto, lakini anaweza kupanga nazo ada ya mjukuu.

Na kama kijana anaiamini kweli sarafu hiyo, mwache anunue kidogo kwa fedha yake mwenyewe, kiasi ambacho kikipotea chote hatakosa nauli wala kodi ya chumba. Akiwa na shilingi 100,000 ya namna hiyo, ajifunze nayo. Aandike kwenye daftari alinunua lini, kwa bei gani, na kwa sababu gani. Ikizidi mara mbili, atoe mtaji wake kwanza. Hapo atakuwa amejifunza biashara, hata kama hakutajirika.

Mwisho, mzee, mimi sijaiona meza ya mwanao pale Kariakoo, lakini nadhani naijua kazi ile. Fundi wa simu anayekosa mteja kwa sababu hana kioo wala betri ya akiba anapoteza fedha kila siku, na anaijua kila senti inapopotelea. Mwambie alete mahesabu: kioo kinanunuliwa bei gani, kinauzwa bei gani, vinakwenda vingapi kwa juma. Akiyaleta yakiwa yamenyooka, milioni moja pale mezani kwake utaitembelea kila Jumamosi na kuiona kwa macho. Toncoin huwezi kuitembelea.

Wasikilizaji wengine wenye maswali kama haya waendelee kuandika. Hadi juma lijalo, wakati na siku kama ya leo, nawatakia kila la heri.